Kaburi la Filamu

Kisumu, 12 Januari 2025

Kwa Mama Kageha,

Nyumbani wanakusalimu, mmoja baada ya mwingine, na wengine wamenishika mkono nisiwasahau. Sote hatujambo isipokuwa goti la Baba, ambalo likianza kuuma linataka boma lote lijue. Dada Emmaculate amejifungua msichana. Wamekataa kumpa jina mpaka wewe useme, kwa hiyo kwa sasa anaitwa Mtoto tu, na ameanza kuitikia.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Kitale, naye ataikabidhi kwa wenzake wa basi la Lodwar. Nikiwaambia watu hapa mjini kwamba nina mama mdogo asiyetaka simu mwaka huu wa 2025, wanadhani nimekutunga.

Sasa neno lenyewe. Nimepata watu wa kunisaidia kutengeneza filamu. Si harusi ya mtu wala tangazo la sabuni. Ni filamu yangu mwenyewe, na inamhusu Baba mdogo Obonyo.

Najua hadithi hii unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike nilivyoipanga, unisahihishe. Mtangazaji wa redio ya hapa Kisumu anafuatilia mashine ya kuondoa gugumaji ziwani, ile iliyozinduliwa kwa ngoma na keki na baadaye isionekane tena. Asubuhi moja ya Machi 2011 anapanda mashua na mvuvi. Mbali na ufuo wanakuta kisiwa cha gugumaji, kinene, kimeota hadi mafunjo. Anataka sauti ya kisiwa hicho kwa kipindi. Anashuka na maikrofoni, mvuvi akishika kamba. Upepo unageuka, kamba inamponyoka mvuvi, na kisiwa kinaondoka na mtu amesimama juu yake, bado anarekodi. Hakupatikana, wala kisiwa hakikupatikana.

Atakayemwigiza ni Griffin, mchezaji wa jukwaani kutoka Obunga. Ni Mmaragoli kama wewe, na ana mabega yaleyale ya Baba mdogo, limeinuka moja kuliko jingine. Tungependa kupigia picha katika nyumba yako mwenyewe, hapa nyumbani, kama utakubali.

Na ninakuomba jambo moja. Asubuhi ile mlikuwa wawili tu ndani. Alikwambia nini akitoka? Nataka maneno hayo yafungue filamu.

Mwanao,
Debra Amolo

*

Lodwar, 2 Februari 2025

Debra nyathina,

Mwanangu, barua yako imefika inanuka samaki, nikajua kweli imetoka nyumbani. Mimi ni mzima. Bado niko jikoni hapa shuleni, na wasichana bado wanasema maharagwe yangu hayana chumvi, kisha wanarudi na sahani mara ya pili. Joto ni lilelile. Hapa hata jasho linakauka kabla hujalipangusa. Mwambie Tom goti lile aache kulidekeza. Na mtoto asiitwe Kageha, Kageha mmoja anatosha katika ukoo huo. Aitwe Beldina, jina la nyanya yenu.

Kuhusu simu, unajua vizuri. Kila aliyenipigia aliniuliza neno moja, amepatikana? Asubuhi, amepatikana? Nikiwa kanisani, amepatikana? Siku moja nikaitumbukiza kwenye sufuria ya uji. Tangu hapo nina amani.

Umenichekesha na filamu yako. Umesahau kibanda cha video pale Obunga? Ulikuwa unakaa mapajani mwangu unakula njugu, na Obonyo pembeni. Wakileta filamu ya mwandishi wa habari yeye alicheka mahali ambapo wengine wananyamaza. Mtu amevaa koti refu, anaongea na simu mbili, mhariri anampigia kelele. "Huyu hajaomba nauli hata siku moja," anasema. "Huyu hajangojeshwa nje ya ofisi ya mkubwa mpaka mkubwa akatokea mlango wa nyuma." Mwisho wake ulikuwa mmoja. Mitambo inachapa, magazeti yanamwagika barabarani, mwizi anatiwa pingu, watu wa kibanda wanapiga makofi. Hapo Obonyo ananigeukia. "Na bibi yake yuko wapi? Tangu mwanzo alimwambia atachelewa kula. Mbona hawakurudi kutuonyesha yule mama na chakula chake?"

Kwa hiyo ukitengeneza ya kwako, kumbuka alikuwa mtu wa kuchekesha. Usimfanye mtakatifu.

Nyumba itumie. Ufunguo anao Tom. Kwenye sanduku la bati kuna shati lake la kahawia, huyo Griffin alivae, lakini alifue mwenyewe. Asubuhi ile Obonyo alikunywa chai ya rangi, akatafuta kofia, hakuiona, akaenda bila kofia. Andika hivyo.

Ila nakupa sharti moja, na nakuomba kwa heshima ya maziwa niliyokupa mama yako alipokuwa mgonjwa. Kwenye filamu yako asife. Mwonyeshe akitoka mlangoni, halafu uache hapo.

Mama yako,
Kageha

*

Kisumu, 9 Machi 2025

Mama Kageha,

Asante kwa jina. Beldina analikataa, anaitikia Mtoto. Mvua zimeanza kunukia huku, na Baba amepanda mahindi mapema halafu analaumu mbingu. Wote wanauliza utakuja lini.

Tumeanza kupiga picha, na nina mambo ya kukuambia ambayo hayakunipendeza. Nitayaandika yalivyotokea.

Siku ya kwanza tulimkalisha Griffin mezani kwako, shati la kahawia mwilini, kinasa sauti mbele yake. Aliyekuwa na kamera ni Masinde, mtu mtulivu kutoka Bungoma. Nikasema anza. Griffin akashika maikrofoni, akaipuliza mara mbili, akasema polepole, "Kisumu, mnanipata?"

Mama, sikuyaandika hayo mimi. Nilikuwa hata nimesahau kwamba ndivyo Baba mdogo alivyojaribu mitambo kabla ya kila kipindi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti akitutazama. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, hivyohivyo na goti lake, na hakurudi mpaka jioni.

Nilimwuliza Griffin nani amemfundisha.

"Hakuna mtu," akasema. "Nimeshika hiyo mic, ikanitoka tu. Kwani huyu mzee alikuwa anasema hivyo kweli? Debra, wacha mchezo."

Nimetafuta kanda zake redioni. Walizifuta zamani. Griffin alikuwa mtoto wa shule, na anasema kwao redio haikuwepo.

Jambo la pili ni la mlangoni. Kwenye onyesho moja anatakiwa kurudi kutoka kazini, aingie, atundike mkoba. Kila tukianza, anafika kizingitini na kusimama. Mikono ameiachia kidogo mbali na mwili. Masinde akamwambia, "Ingia basi, bwana, unanizibia mwanga." Griffin akajibu bila kutuangalia, "Siwezi kuingia nimelowa hivi. Nitaharibu nyumba ya mtu." Alikuwa mkavu, Mama. Jua lilikuwa la saa sita. Mimi mwenyewe nilimshika bega, lilikuwa kavu na baridi.

Sasa lile sharti lako. Nimelifikiria na limenikosesha usingizi. Walionisaidia wanauliza filamu inaishaje, na mimi pia najiuliza. Filamu ya mtu anayetoka mlangoni halafu basi, watazamaji watanitupia viti. Nimeandika mazishi. Ni mazishi ya kuigiza tu, ya watu wachache, pembeni mwa nyumba yako mahali ambapo kaburi lake lingekuwa. Yatapigwa mwanzoni mwa Aprili. Ukikataa kabisa niandikie upesi, nami nitatafuta njia nyingine. Lakini ukikataa, nieleze kwa nini.

Na bado hujaniambia alisema nini asubuhi ile.

Debra

*

Lodwar, 21 Machi 2025

Debra,

Wote wasalimie. Mimi mzima. Leo sina maneno mengi ya salamu.

Usichimbe.

Unataka nikueleze, nitakueleza, na ukitaka kudhani mama yako amezeeka vibaya, dhani. Griffin hakufundishwa kusimama mlangoni. Obonyo husimama hivyo.

Alianza pale nyumbani wiki chache baada ya kupotea. Naamka nakuta sakafu mbele ya mlango imelowa, mahali pa nyayo mbili, na kuna harufu ya ziwa. Nilidhani paa linavuja. Kisha nikamwona. Hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono ameiachia mbali na mwili asidondoshe maji, akiangalia ndani anavyoangalia mtu aliyekumbuka kitu alichosahau. Nilipoinuka hakuwepo.

Mwaka uliofuata wazee wakaja. Unajua mila yenu. Mtu akipotelea ziwani na maji yakakataa kumtoa, linachukuliwa tunda la yago, lile refu zito, linavishwa nguo yake na kuzikwa badala ya mwili, ili roho ijue imelala wapi. Walikuja kwa heshima, sikuwalaumu. Tom mwenyewe alilia. Niliwaambia mimi sizikii mtu tunda. Wakasema basi mimi si mke wa mtu wala si chi liel, mke wa kaburi, kama mnavyomwita mjane. Nikasema sawa, niiteni mnavyotaka. Ndipo nikaondoka. Nilichagua Lodwar kwa sababu hakuna maji. Nilifikiri kama ni wazimu, utakauka.

Hakukauka yeye wala mimi. Alinifuata. Hapa, Debra, ambapo tunachota maji kwa foleni, sakafu yangu inalowa. Mwanzoni niliogopa. Siku hizi siogopi hata kidogo. Nimemtandikia gunia la sukari la jikoni asimame juu yake, saruji ni baridi. Nikijua amekuja nalala vizuri. Hayo ndiyo maisha yangu na nayapenda, na hakuna mtu niliyemwomba ruhusa.

Anakuja kwa sababu hana pa kulala. Siku akipewa mahali, atakwenda kulala, nami nitabaki na nani? Kwa hiyo usichimbe hata shimo la filamu. Wewe umezaliwa katika boma lile, unajua hakuna kaburi la mchezo. Likishachimbwa linamjua mtu wake.

Barua hii naituma leo hii kwa basi la saa tisa.

Kageha

*

Kisumu, 8 Aprili 2025

Mama Kageha mpendwa,

Salamu. Hatujambo, nikisema hivyo sijui kama nasema kweli. Kila asubuhi naenda ofisi ya basi na kila asubuhi wananiambia hakuna mzigo wa Lodwar, mvua imekata barabara huko juu. Nilikungoja. Kisha nikajiambia ukimya wako ni wa mtu aliyekubali lakini hataki kulitamka. Sasa sina hakika tena.

Tulichimba Jumamosi. Baba alikuwa amekwenda Awasi kwenye matanga ya rafiki yake, na nakiri nilifurahi kwamba hayupo, nisimwulize. Niliwaita vijana wa kijiji wenye kazi hiyo. Mmoja akauliza, "Nani amekufa?" Nikasema hakuna, ni filamu. Wakaangaliana. Akasema, "Dada, pole, leo hatuna jembe." Jembe lilikuwa begani kwake.

Basi wakachimba watu wetu wa taa na Masinde akasaidia. Walipomaliza, mwanga ulikuwa umeondoka. Nikasema tuache, tutapiga Jumapili asubuhi. Niliona ni shimo, Mama. Nimesoma, nimekaa mjini, nikaliona ni shimo la kuigizia tu, kama lile la kuchimbia nguzo ya taa.

Asubuhi tulikuta maji ndani yake, ya kufika magotini. Mvua haikunyesha. Unajua nyumba yako iko mlimani, kisima cha pale kilichimbwa wiki mbili kabla hawajaona unyevu. Juu ya maji kulikuwa na gugumaji, mche mmoja, na ua lake la zambarau limefunguka. Na kutoka mlango wa nyumba yako mpaka kwenye shimo, nyasi zilikuwa zimelala njia nyembamba, zimelowa. Masinde aliifuata njia ile mara mbili. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Zinakwenda. Hazirudi." Akafunga kamera kwenye mkoba wake bila kunisubiri niseme.

Griffin alivua shati la kahawia, akalikunja vizuri akanipa. "Imeniacha," akasema. "Niko mkavu. Nimejaribu ile sauti yake tangu asubuhi, haiji. Nasikika kama mimi tu." Nilidhani atafurahi. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeachwa na mgeni bila kuagwa.

Baba alirudi jioni. Sijawahi kumwona hivyo. Alisimama juu ya shimo akanitazama. "Nyinyi mnacheza filamu na shimo? Kwa boma la watu?" Nikaomba msamaha, nikasema tutalifukia sasa hivi. Akanishika mkono. "Huwezi fukia kaburi tupu, Debra. Litatafuta mtu. Na mimi siweki kitu humo, mimi ni kaka tu. Andikia mwenyewe. Andikia bibi yake."

Watoto wamekatazwa kupita upande ule. Baba anakaa kwenye kiti kando ya shimo na blanketi lake, analilinda. Maji hayapungui. Emmaculate amempeleka Mtoto kwa wakwe.

Niambie tufanye nini. Naogopa, na zaidi naogopa barua yako iliyoko njiani.

Debra

*

Lodwar, 27 Aprili 2025

Debra,

Barabara ilifunguliwa juzi. Yako ilinifikia siku ileile kondakta aliponiambia yangu ililala Kitale na mizigo. Kwa hiyo uliniuliza, nikakujibu, na mvua ikakaa katikati yetu. Sitakulaumu kwa mvua. Kwa kutomngoja Tom nakulaumu, na nitakulaumu tena nikikuona uso kwa uso.

Sikuhitaji barua yako kujua. Tangu Jumapili ile gunia halijalowa. Siku ya kwanza nilisema amechelewa. Siku ya pili nilimwaga maji kidogo mlangoni mwenyewe, nikajidanganya, nikalia kwa aibu. Nimekasirika, Debra. Nimekukasirikia, nimemkasirikia na yeye, kwamba alipoona pa kulala hakugeuka hata kuniaga. Umemlaza mume wangu bila kuniuliza.

Lakini usiku wa jana nilikaa nikafikiri miguu ile. Miaka kumi na minne mtu amesimama. Jikoni nikisimama kutwa moja tu nalia kwa mgongo. Kumbe nilikuwa nasema nampenda na sikuwahi kumwuliza kama amechoka.

Uliuliza alisema nini asubuhi ile. Alikuwa ameshafika kwenye ua, akarudi, akasimama kizingitini, hakuingia kwa sababu viatu vilikuwa na umande. Akasema, "Nikichelewa, usifunge mlango." Ni hayo tu. Sikukwambia kwa sababu nikiyasema yanakuwa maneno ya mwisho, na mimi nilitaka yawe maneno ya asubuhi moja tu. Sijafunga mlango tangu siku ile. Hata hapa Lodwar, watu wakinionya juu ya wezi.

Nakuja na basi la Ijumaa. Msiweke kitu humo, msifukie. Tom atafute yago lenyewe, lililokomaa, alichume kwa mkono bila kuliangusha. Shati la kahawia nitalivisha mwenyewe.

Na mwambie huyo Masinde aitoe kamera yake kwenye mkoba. Msimtafute mchezaji wa kuigiza mjane. Obonyo alilalamika siku zote kwamba filamu zao hazirudi kwa yule mama na chakula chake. Basi ya kwenu irudi.

Kageha

*

Kisumu, 8 Juni 2025

Mama yangu,

Natumaini ulifika salama na shule haikukukata siku. Nyumba yako tumeipaka lipu ulivyoagiza. Mtoto amerudi, ameanza kukaa, na juzi niliita Beldina akageuka. Baba anaweza kulala kitandani sasa na goti lina nafuu, ingawa hataki tuseme. Maji yalikauka siku ileile mliyofukia, kabla hujashuka, na pale juu nyasi zimeota upesi.

Nimekaa na picha zile wiki nzima. Unaonekana ukishuka kwenye ukingo, ukitoa gunia kwenye mfuko wako wa safari. Sikuliona vizuri siku ile kwa machozi. Kwenye picha linaonekana wazi, limekauka kabisa, na juu yake alama mbili nyeupe za nyayo, za chumvi au za nini sijui. Unalitandika chini, kisha Baba anakupa lile tunda ndani ya shati, nawe unalilaza polepole, unalinyoosha kola. Masinde alilia huku anapiga. Picha inatikisika na nimeamua sitaiondoa.

Ila kuna kitu cha sauti, na sijamwambia yeyote isipokuwa Masinde na Griffin.

Ulipotupa udongo wa kwanza palikuwa kimya. Wote tuliokuwepo tunakumbuka kimya. Lakini kwenye kanda, mara baada ya udongo, mtu anapuliza maikrofoni mara mbili. Halafu mwanamume anasema, kwa mbali, na maji nyuma yake, "Kisumu, mnanipata?"

Kisha mwanamke anajibu. "Tunakupata, Obonyo. Lala."

Ni sauti yako. Nimeiangalia picha mara nyingi, Mama. Nilikuwa nimesimama karibu nawe, na kamera iko usoni kwako. Mdomo wako umefungwa.

Griffin aliposikia alivaa kofia yake akatoka nje. Masinde anasema nifute. Watu wakiisikia watasema tumeitengeneza, na filamu yote itaonekana uongo. Mimi siwezi kufuta, wala siwezi kuiacha, kwa sababu mara iliyopita niliamua bila wewe. Safari hii nangoja jibu lako, hata mvua ikikata barabara mwaka mzima.

Debra

*

Lodwar, 29 Juni 2025

Debra nyathina,

Nilifika vizuri, miguu imevimba tu kwa kukaa. Wasichana walinipokea kwa kelele, kumbe aliyepika nikiwa safarini aliwalisha maharagwe yenye mawe. Sasa yangu yana chumvi ya kutosha. Huku nina jina jipya. Mwalimu mmoja wa kwenu, wa Awasi, aliniuliza mimi ni nani kwa watu wa Obonyo, nikamwambia chi liel. Nililisema kwa mara ya kwanza na halikuniuma nilivyofikiri.

Usifute. Huyo mwanamke ni mimi. Nilimjibu moyoni, kwa sababu nilimsikia moyoni. Sikujua vyombo vyenu vinafika huko. Mwambie Masinde asiogope, na wanaotaka kusema ni uongo, waseme. Obonyo alisemwa hivyo maisha yake yote kwa habari zilizokuwa za kweli.

Nilipofika hapa siku ya kwanza nilifunga mlango. Komeo lilikuwa na kutu, nikaligonga kwa mchi wa jikoni mpaka likaingia. Nililala nikisikiliza. Hakuna aliyeujaribu.

Nimenunua simu. Ni ndogo, ya vitufe. Nilidhani nikishakuwa nayo watu watanipigia waniulize kama amepatikana, nami nimejiandaa kujibu ndiyo, amepatikana, amelala kwake. Nilipanga nitakavyolisema. Iko mezani, imejaa chaji, na hakuna anayejua nambari yake. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Asubuhi nikiamka bado naangalia mlangoni kwanza, kabla sijakumbuka. Nyumba imekauka, Debra. Nipigie.

Mama yako,
Kageha